Unashuku tezi ya thairoidi au upungufu wa virutubisho? Fuata hatua hizi kabla ya kumeza chochote

Maswali yanayonifikia kuhusu tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo inayotoa homoni za kuendesha kasi ya mwili, yana mkondo mmoja. Mtu amechoka kwa miezi, nywele zinakatika, anahisi baridi wakati wenzake wanaona joto. Anasoma kidogo, ananunua madini ya chuma, iodini, biotini na kopo la vitamini mchanganyiko, anameza vyote kwa pamoja. Bado amechoka, hivyo anakwenda kupima, na majibu yanatoka yamevurugwa na vidonge vile vile. Daktari hawezi tena kujua ni kipi kilikuwa chini tangu mwanzo, na mgonjwa anarudishwa nyumbani akiambiwa hana kitu.

Watu hawa si wavivu wala si wajinga. Wanaangushwa na mpangilio. Damu itolewe kwanza, vidonge vifuate, na kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati. Mwongozo huu unakupitisha katika njia hiyo. Hauchukui nafasi ya daktari, ila utakufikisha kwake ukiwa na taarifa anazozihitaji.

## Dalili ambazo hazingoji mwongozo

Nenda hospitali leo hii ukiwa na maumivu ya kifua, kuzimia, kubanwa pumzi, au moyo unaodunda bila mpangilio.

Mwenye homoni ya thairoidi iliyozidi akipata homa kali, moyo ukienda mbio na akaanza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura ya kufa na kupona. Vivyo hivyo kwa mwenye homoni pungufu anayelala usingizi mzito asioamka vizuri huku mwili ukiwa wa baridi.

Kutapika kusikokoma pamoja na kizunguzungu kila ukisimama, hasa kama umekonda na ngozi imekuwa nyeusi kuliko kawaida, kunaweza kuashiria kushindwa kwa tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Usisubiri kesho.

Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi na utafute msaada wa dharura. Matatizo ya homoni huweza kuiangusha akili pia, na hali hiyo inatibika.

## Utakavyohitaji

- Daftari dogo au simu ya kuandikia kila siku
- Mizani ya kupimia uzito
- Saa yenye sekunde, kwa ajili ya kuhesabu mapigo ya moyo
- Kioo na glasi ya maji
- Makopo na pakiti zote za dawa, vitamini na virutubisho unavyotumia
- Majibu ya zamani ya maabara, hata ya miaka iliyopita
- Majina ya ndugu wa damu wenye rovu (tezi ya shingo iliyovimba), kisukari cha utotoni, upungufu wa damu wa kudumu au ugonjwa wa thairoidi

Hilo la mwisho hupuuzwa sana. Magonjwa mengi ya thairoidi hutokana na kinga ya mwili kuigeukia tezi, na tabia hiyo hutembea kwenye familia. Aliye nayo pia yuko kwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari cha aina ya 1, ugonjwa wa siliaki (utumbo kudhurika kwa gluteni ya ngano), na ule upungufu wa vitamini B12 unaotokana na tumbo kushindwa kuifyonza.

## Hatua ya 1: Andika dalili kwa wiki mbili

Kila asubuhi, kabla hujainuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Pima uzito mara moja kwa wiki. Andika saa ulizolala, choo, hedhi, na jinsi nguvu zilivyokuwa mchana.

Homoni ikipungua, mambo hupungua kasi: moyo huenda taratibu, choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, uso unavimba asubuhi, sauti inakuwa nzito, hedhi inatoka nyingi. Ikizidi, mambo hukimbia: mapigo ya haraka ukiwa umetulia, mikono kutetemeka, jasho, kuharisha, kukonda ingawa unakula, usingizi kukatika.

Kwa nini wiki mbili? Kwa sababu uchovu peke yake hausemi lolote. Unapatikana kwenye upungufu wa chuma, kisukari, msongo, sonona, ujauzito na usingizi mbovu. Kinachomwelekeza daktari ni mkusanyiko wa dalili.

Wenye hedhi waandike kitu kimoja zaidi: ni mara ngapi wanabadilisha pedi. Kulazimika kubadilisha kila saa moja au mbili, au kutoa mabonge makubwa ya damu, ni kutokwa na damu kupita kiasi. Wengi wameishi hivyo tangu ujana na hawajawahi kumwambia yeyote, kumbe akiba yao ya chuma inaishia huko.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumweleza daktari kwa sentensi tatu: kilianza lini, kimebadilika nini, na kinakuzuia kufanya nini.

## Hatua ya 2: Tazama shingo

Simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, piga funda la maji na umeze. Angalia sehemu ya chini ya shingo, juu ya mfupa wa kifua. Uvimbe unaopanda na kushuka unapomeza huenda ni wa thairoidi.

Ukiona uvimbe, usiogope na usiuminye-minye. Vinundu vingi vya thairoidi si saratani. Uvimbe unaokua haraka, unaokwaruza sauti au kufanya kumeza kuwe kwa shida unahitaji daktari ndani ya siku chache. Kutoona chochote hakumaanishi tezi ni nzima.

## Hatua ya 3: Kagua kila unachomeza

Hapa ndipo majibu mengi huharibikia.

Biotini ni vitamini inayojaa kwenye vidonge vya nywele na kucha. Baadhi ya mashine za maabara hutumia biotini katika upimaji wenyewe, hivyo ikiwa nyingi kwenye damu inaweza kuonyesha kwa uongo TSH ya chini (homoni inayoihimiza thairoidi) na FT4 ya juu (homoni ya thairoidi yenyewe). Kwenye karatasi, mtu asiye na ugonjwa anaonekana ana homoni iliyozidi, na mwenye homoni pungufu anaweza kuonekana mzima. Acha biotini angalau siku 2 kabla ya kutoa damu. Kama dozi yako ni kubwa sana kwa agizo la daktari, muulize yeye muda wa kuiacha.

Dawa nyingine hugusa tezi yenyewe au virutubisho. Amiodaroni ya moyo na lithiamu huweza kuivuruga thairoidi. Metfomini ya kisukari na dawa za kupunguza asidi tumboni, zikitumika kwa muda mrefu, hushusha B12. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupandisha T4 ya jumla (homoni kuu ya thairoidi, pamoja na ile iliyoshikwa na protini za damu), na hiyo ni sababu mojawapo ya kuomba FT4, yaani T4 iliyo huru.

Onyo: dawa uliyoandikiwa na daktari usiiache mwenyewe. Iorodheshe tu, pamoja na dozi.

Na kama ulikuwa umepanga kuanza kirutubisho kipya wiki hii, kiweke kabatini hadi damu itolewe.

## Hatua ya 4: Omba vipimo vinavyojibu swali

Kwa mzunguko wa kwanza, hivi vinatosha watu wengi:

- TSH, pamoja na FT4 hasa pale TSH isipokuwa ya kawaida
- Picha kamili ya damu
- Feritini, inayoonyesha akiba ya chuma
- Vitamini B12
- Sukari ya damu, figo na ini
- Kipimo cha ujauzito kwa anayeweza kushika mimba

Vitamini D ipimwe kukiwa na sababu: maumivu ya mifupa, misuli dhaifu, mtu asiyepata jua, au mwenye ugonjwa unaozuia ufyonzaji wa mafuta. Kingamwili dhidi ya tezi, ambazo maabara huandika anti-TPO, hupimwa TSH ikishakuwa na hitilafu. Mara moja inatosha. Kuzirudia kila miezi michache hakubadilishi matibabu.

Usitoe pesa kwa kipimo cha kupaka iodini kwenye ngozi, uchambuzi wa madini kwenye nywele, wala kutambua ugonjwa wa thairoidi kwa kipimajoto cha asubuhi. Rangi ya iodini hufifia kwa sababu nyingi zisizohusiana na upungufu, na joto la mwili hubadilika kwa usingizi, hedhi na hali ya hewa.

## Hatua ya 5: Siku ya kutoa damu

Nenda asubuhi. TSH huwa juu usiku na alfajiri, halafu hushuka mchana. Ukipima leo asubuhi na safari ijayo alasiri utadhani kuna mabadiliko ambayo hayapo. Tumia maabara ile ile kila ukiweza.

Kama tayari unatumia homoni ya thairoidi, toa damu kwanza ndipo umeze kidonge cha siku hiyo. Usiruke dozi za siku zilizotangulia ili "kuonyesha hali halisi".

Ukiwa na homa, maambukizi, au umetoka kulazwa, ahirisha kama daktari anakubali. Ugonjwa mkali huishusha TSH kwa muda, kisha huipandisha wakati wa kupona. Maambukizi nayo huipandisha feritini na kuficha upungufu wa chuma.

Ondoka na nakala ya majibu yenye namba, vipimio na kiwango cha kawaida cha maabara hiyo. Neno "nzuri" lililosemwa mdomoni halitakusaidia mwakani.

## Hatua ya 6: Soma majibu bila kujitibu

TSH haitoki kwenye thairoidi. Hutolewa na tezi ya pituitari chini ya ubongo ili kuihimiza thairoidi ifanye kazi, na ndiyo maana husomwa kinyume: homoni ikipungua TSH hupanda, homoni ikizidi TSH hushuka. Maabara nyingi huweka kawaida ya mtu mzima karibu na 0.4 hadi 4.0 mIU/L. Wajawazito wana viwango vyao, na wazee huwa na TSH ya juu kidogo.

TSH juu, FT4 chini. Thairoidi imepungukiwa. Matibabu yanahitajika.

TSH juu, FT4 ya kawaida. Huu ni upungufu mdogo ambao haujakomaa. Usikimbilie kidonge. Rudia baada ya miezi 2 hadi 3, kwa kuwa wengi hurudi kawaida wenyewe. Madaktari wengi huanza tiba TSH ikifika 10 au zaidi. Mjamzito au anayetafuta mimba asisubiri miezi hiyo. Amwone daktari mapema.

TSH chini, FT4 juu. Homoni imezidi. Kwanza hakikisha biotini iliachwa, kisha daktari atafute chanzo. Mama aliyejifungua ndani ya mwaka mmoja aseme hivyo, kwa sababu thairoidi huweza kuvimba baada ya uzazi, ikazidisha homoni kwa muda halafu ikapungukiwa.

FT4 chini, TSH chini au ya kawaida. Huu ndio mpangilio unaopitwa kirahisi, maana anayetazama TSH peke yake ataona uzima. Tatizo linaweza kuwa kwenye pituitari. Lazima kortisoli (homoni ya tezi za adrenali) ya asubuhi ipimwe kabla ya kuanza homoni ya thairoidi: mwenye kortisoli pungufu akipewa homoni hiyo kwanza, mwili huimaliza kortisoli kidogo iliyobaki na anaweza kuanguka ghafla.

Angalia pia kipimio. FT4 ya 1.2 ng/dL na ya 15.4 pmol/L ni kitu kimoja. Zidisha ya kwanza kwa 12.87 kupata ya pili. Wapo waliopaniki kwa namba "iliyopanda" kumbe maabara ndiyo iliyobadilika.

Sasa feritini. Shirika la Afya Duniani huhesabu akiba ya chuma imekwisha kwa mtu mzima asiye na maambukizi feritini ikiwa chini ya 15 µg/L, na madaktari wengi huanza kushughulika ikiwa chini ya 30. Hemoglobini, yaani wingi wa damu, inaweza kuwa nzuri kabisa huku akiba imekauka. Ukiambiwa "damu yako ipo" bila feritini kupimwa, swali lako halijajibiwa.

B12 chini ya 200 pg/mL kwa kawaida ni upungufu; kati ya 200 na 300 ni eneo la shaka, na kipimo cha asidi ya methilimaloniki husaidia kuamua. Vitamini D huhesabiwa pungufu chini ya 20 ng/mL, sawa na 50 nmol/L.

## Hatua ya 7: Jaza pengo moja baada ya jingine

Ukianza vitu vinne siku moja na tumbo likakuchafuka, utaacha vyote. Ukipata nafuu, hutajua kilichokusaidia. Anza na kilicho chini zaidi au kinachotishia zaidi, kisha subiri wiki chache kabla ya kuongeza kingine. B12 iliyo chini pamoja na ganzi miguuni haipangi foleni. Hiyo hutibiwa mara moja.

Chuma. Dozi moja kwa siku, au siku moja ndiyo na nyingine hapana, huwatosha wengi. Baada ya dozi, mwili hutoa hepsidini inayofunga mlango wa utumbo kwa takribani siku nzima, kwa hiyo kurundika vidonge huongeza kichefuchefu kuliko damu. Meza tumbo likiwa tupu ukiweza, pamoja na kitu chenye vitamini C, mbali na chai, kahawa na maziwa. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya si kawaida.

Ukifaulu, hemoglobini hupanda kwa takribani 1 hadi 2 g/dL ndani ya mwezi. Endelea kwa karibu miezi 3 baada ya kurudi kawaida ili akiba ijae. Chanzo kitafutwe pia: hedhi nyingi, vidonda vya tumbo, minyoo. Mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, mwenye upungufu wa chuma anahitaji tumbo na utumbo vichunguzwe.

Onyo: fungia vidonge vya chuma mbali na watoto. Vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

B12. Usitumie asidi ya foliki peke yake kabla ya kujua B12 yako. Foliki inaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya, na uharibifu ukikaa muda mrefu hauponi wote. Ambaye tumbo lake halifyonzi atahitaji sindano au dozi kubwa za vidonge, mara nyingi maisha yote.

Vitamini D. Huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili, hivyo ikizidi haitoki upesi. Kiu kali, kukosa choo na kuchanganyikiwa ni dalili za kalsiamu kupanda.

Iodini na seleniamu. Hapa nasisitiza kwa moyo wote. Mtu mzima anahitaji karibu mikrogramu 150 za iodini kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250. Vidonge vya mwani vinaweza kubeba mara nyingi zaidi ya hapo, na iodini ikizidi inaweza kuizima thairoidi au kuichochea kupita kiasi. Seleniamu ikizidi hukatisha nywele na kuharibu kucha, dalili zile zile zilizokufanya uinunue.

## Hatua ya 8: Ukiandikiwa levothairoksini, imeze hivi

Levothairoksini ni homoni ya thairoidi ya kidonge, na dozi sahihi ikimezwa vibaya hufanya kazi kama dozi ndogo. Wagonjwa wengi huongezewa dawa wakati kilichohitajika ni kubadilisha saa.

1. Meza kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chakula na kahawa. Wanaoshindwa asubuhi wanaweza kumeza wakati wa kulala, saa 3 au zaidi baada ya mlo wa mwisho.
2. Chuma, kalsiamu na dawa za kutuliza kiungulia zenye madini zikae saa 4 mbali nayo. Zikikutana tumboni, hushikamana na homoni na kuizuia isiingie mwilini.
3. Chagua saa moja uishike.
4. Hifadhi mbali na joto, mwanga na unyevu.
5. Ukibadilishiwa kampuni inayotengeneza kidonge, mwambie daktari ili TSH irudiwe.

Homoni hii hupungua nusu mwilini kwa takribani siku 7, kwa hiyo hali hutulia polepole. Kupima tena kabla ya wiki 6 hadi 8 ni kupima safari ambayo haijafika. Usijiongezee dozi kwa sababu wiki ya pili bado umechoka. Dozi iliyozidi huleta moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Ikiendelea, huweza kuvuruga mdundo wa moyo na kupunguza uimara wa mifupa. Mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huanzishwa na dozi ndogo kwa sababu hiyo.

Ukipata mimba, usiache dawa. Wasiliana na daktari siku unapojua, kwani mahitaji hupanda mapema na mtoto anategemea homoni ya mama katika miezi ya kwanza.

Mafanikio huonekana kwa mfuatano: choo na baridi kwanza, nguvu baadaye, nywele mwisho kabisa, kwa kuwa nywele hujibu kwa kuchelewa miezi kadhaa. Kuhusu uzito, tarajia kupungua kiasi tu. Upungufu wa homoni mara nyingi huongeza kilo 2 hadi 5, nyingi zikiwa maji na chumvi. Anayekuuzia homoni hii ili ukonde anahatarisha moyo wako.

## Kama homoni imezidi

Usijitibu kabisa. Ukiandikiwa karbimazoli au methimazoli, dawa za kupunguza homoni, kumbuka onyo moja: homa, koo kuuma au vidonda mdomoni ni sababu ya kuacha dozi inayofuata na kupimwa damu siku hiyo hiyo, kwani chembe nyeupe zinaweza kuwa zimeporomoka. Macho yakijitokeza, kuuma au kuona viwiliviwili, omba daktari wa macho. Na kama unavuta sigara, acha. Moshi huzidisha ugonjwa huo wa macho.

## Hatua ya 9: Majibu ni mazuri lakini bado unaumwa

Dalili zako ni za kweli hata kama TSH ni 2. Ina maana tu jibu liko kwingine. Rudi na daftari na uulize kuhusu kukoroma na kukatika pumzi usingizini, sonona, kukaribia kukoma hedhi, ugonjwa wa siliaki, maambukizi ya muda mrefu, na madhara ya dawa. Mtu anayelala kwa muda wa saa nane na kuamka amechoka, anayekoroma, anahitaji kipimo cha usingizi kabla ya kopo jingine la vitamini.

Kama anti-TPO zako ziko juu huku TSH ikiwa ya kawaida, rudia TSH mara moja kwa mwaka, au mapema dalili zikibadilika, na mara tu ukipanga kushika mimba. Peleka nakala za zamani kila safari, zikiwa zimepangwa kwa tarehe.